Umeteuliwa kusimamia mkataba wa serikali? Mwongozo kamili toka barua ya uteuzi mpaka hati ya mwisho

Kila wakaguzi wakipita, simu yangu inaanza kuita. Ni wasimamizi wenzangu, mmoja wa majengo, mwingine wa maji, mwingine barabara, wote hadithi moja: kazi imeisha, jengo limesimama vizuri tu, wagonjwa wanatibiwa humo, ila yeye ana hoja tatu za ukaguzi mezani na mkandarasi nae anamdai hela ambayo mkataba hauijui. Alafu anauliza "kaka nimekosea wapi, mbona kazi ni nzuri?"

Kazi nzuri sio utetezi. Mkaguzi hakuulizi ukuta, anauliza faili.

Nipo Tabora, hizi kazi nimezifanya miaka mingi na makosa karibu yote nitakayoyataja hapa nimeshayafanya mwenyewe au nimekaa nayo ofisi moja. Mfano wangu mkubwa utakuwa jengo la halmashauri, zahanati au madarasa, maana ndio kazi zinazotuangukia wengi. Ukiwa wa maji au barabara hatua ni zile zile, unabadilisha tu vitu vya kupima.

Kwenye makaratasi unaweza kuitwa msimamizi wa mkataba, meneja mradi, au mwakilishi wa kiufundi wa mwajiri. Jina lisikusumbue. Wewe ni mtu ambae mwajiri, yaani taasisi inayolipia kazi, amemuweka aangalie kama anachokilipia ndicho anachokipata. Basi.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujakanyaga saiti

- Barua ya uteuzi yenye jina lako, jina la mkataba na namba yake, imesainiwa na Afisa Masuuli (kwa halmashauri ni mkurugenzi).
- Mkataba mzima. Sio BOQ (orodha ya kazi, vipimo na bei zake) peke yake! Nataka masharti ya jumla, masharti mahsusi, michoro, spesifikesheni, BOQ, barua ya kukubali zabuni na mpango kazi wa mkandarasi.
- Nakala za dhamana zote (ahadi ya benki au bima kumlipa mwajiri mkandarasi akishindwa): ya utendaji, ya malipo ya awali, na bima.
- Kaunta buku mbili. Moja shajara yako, moja ya maelekezo, hii ya pili iwe na karatasi ya kaboni ili nakala ibaki.
- Tepu ya mita 5 na ile ndefu ya mita 50, pima maji, koni ya slampu (ya kupima ulaini wa zege bichi), na moldi za kyubu (vipande vya zege vya kuvunja maabara) zisizopungua 6.
- Mzani. Hata wa dukani unafaa, nitaeleza mbele.
- Simu inayopiga picha ikaweka tarehe na eneo.
- Akaunti yako ya NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, iwe inafunguka, maana mkataba siku hizi unafuatiliwa humo ndani, na usigawe nywila yako kwa mtu eti "nisaidie kupandisha". Kitakachopandishwa kwa jina lako ni chako.

Kama barua ya uteuzi huna, usianze. Najua bosi atakwambia "wewe nenda tu, barua itakuja". Nenda kaandike dokezo la kuiomba, mistari mitatu tu, alafu subiri. Mtu asiye na barua akitoa maelekezo saiti yale sio maelekezo, ni maongezi, na siku yakiharibika utakuwa peke yako.

Hatua ya 1: Jua mipaka yako kabla ya kujua kazi yako

Soma barua na soma kwenye mkataba kile kifungu kinachomtaja msimamizi. Chukua karatasi, chora mstari katikati. Kushoto andika ninachoweza, kulia nisichoweza.

Kwa mikataba mingi kushoto utapata: kukagua kazi, kukataa kazi mbovu, kuagiza vipimo, kupima kazi iliyofanyika, kuandaa hati ya malipo, kutoa maelekezo yaliyo ndani ya mkataba, kupendekeza.

Kulia ndio pa kukariri: huongezi bei, hupunguzi wala kuongeza wigo wa kazi, huongezi muda kwa mamlaka yako, hubadilishi spesifikesheni, humruhusu mkandarasi kumpa mtu mwingine kazi, husamehi fidia ya ucheleweshaji. Yote hayo unapendekeza tu, kwa maandishi, na wenye mamlaka ndio wanaamua, yaani Afisa Masuuli na bodi ya zabuni kwa utaratibu wa Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 na kanuni zake za 2024.

Kuna mikataba inampa meneja mradi nguvu zaidi ya hapo, kwa mfano kuamua maombi ya muda. Ndio maana nasema soma wa kwako, usisome wa jirani.

Utajua umepatia pale mkandarasi akikuuliza kitu saiti na wewe unaweza kujibu bila kusita "hilo langu" au "hilo sio langu, andika barua".

Hatua ya 2: Tengeneza karatasi moja ya mkataba

Mkataba una kurasa mia na kitu, hakuna atakaebeba saiti. Toa vitu hivi uviweke ukurasa mmoja, ubandike nyuma ya jalada la shajara: bei ya mkataba, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, asilimia ya malipo ya awali, asilimia ya pesa ya zuio (kiasi kinachobakizwa kwenye kila malipo), kiwango cha fidia ya ucheleweshaji kwa siku na kikomo chake, siku za kuandaa hati ya malipo, siku za kulipa, muda wa matazamio (kipindi baada ya kazi kukamilika ambacho mkandarasi bado anarekebisha kasoro), tarehe ambayo kila dhamana inaisha.

Hiyo ya mwisho watu wanaisahau sana. Dhamana ya utendaji inaisha Machi, kazi imesogea mpaka Juni, hakuna aliyeona, mkandarasi anaacha saiti mwezi wa tano na mwajiri anabaki ameshika karatasi isiyo na thamani. Weka kikumbusho kwenye simu siku 30 kabla ya kila tarehe.

Na hapo hapo, andaa barua ya mkurugenzi kwenda benki au kampuni ya bima iliyotoa dhamana, iulize kama dhamana ni ya kweli. Jibu liwe la maandishi na lije moja kwa moja kutoka kwao, lisipitie mfukoni mwa mkandarasi. Malipo ya awali yasitoke kabla ya jibu hilo. Kazi ya nusu saa hii, na imeshaokoa watu.

Hatua ya 3: Kikao cha kukabidhi saiti

Usikabidhi saiti kwa simu. Wawepo mkandarasi mwenyewe au mwakilishi wake mwenye barua, wewe, mtu wa manunuzi, mtumiaji wa jengo (mganga mfawidhi, mwalimu mkuu), na mtendaji wa kijiji. Onyesha mipaka, onyesha vigingi, onyesha maji yatatoka wapi. Muhtasari usainiwe siku hiyo hiyo hapo chini ya mwembe, usiseme "nitautuma".

Sababu ni kwamba siku za mkataba mara nyingi zinahesabiwa kuanzia hapo. Usipokuwa na tarehe iliyosainiwa, mkandarasi akichelewa atasema alikabidhiwa saiti wiki tatu baadae na huna cha kumjibu.

Waambie wote kitu kimoja, sema kwa sauti: maelekezo yanatoka kwenye kile kitabu cha maelekezo tu. Mwenyekiti akitaka kitu amwambie msimamizi, diwani akitaka kitu amwambie msimamizi, hata mkurugenzi akipita akasema "hapa wekeni dirisha" mkandarasi asubiri kitabu. Watacheka, ila sema.

Hatua ya 4: Saiti. Kamata kazi zinazofukiwa

Hapa nitakaa kidogo maana ndio roho ya kazi.

Huwezi kuwa saiti kila siku. Gari hakuna, mafuta hakuna, na saiti ipo kilomita 90 ndani ya Sikonge au huko Kaliua. Sasa kama una safari sita tu kwa mwezi, usiende kuangalia rangi na malumalu, hivyo utaviona hata baada ya mwaka. Nenda siku ya vitu ambavyo kesho yake vitafunikwa: msingi uliochimbwa, nondo kabla ya zege, dawa ya mchwa na nailoni kabla ya jamvi (zege la sakafu), mabomba kabla ya plasta, kenchi kabla ya dari.

Panga na mkandarasi iwe hivi: haruhusiwi kufunika mpaka akuombe ukaguzi kwa maandishi, meseji yenye tarehe inatosha kuanzia, alafu fomu inasainiwa saiti. Mikataba mingi inakupa haki ya kuamuru afunue alichofunika bila wewe kuona. Itumie mara moja tu mwanzoni, hutaihitaji tena.

*Msingi.* Ukiwa Igunga au Nzega kwenye mbuga, ule udongo mweusi ambao kiangazi unapasuka mpaka mkono unaingia, usikubali msingi ukae juu yake eti kwasababu mchoro unasema mita moja. Mchoro ulichorwa mezani. Simamisha, piga picha, andika, peleka pendekezo la mabadiliko (hatua ya 5). Ukuta ukipasuka msimu wa pili wa mvua utaulizwa wewe.

*Nondo.* Nondo za kupunjwa zipo sokoni, imeandikwa 12 lakini ukiishika tu unahisi nyepesi. Usibishane, pima. Kata kipande cha mita moja kamili, weka kwenye mzani. Nondo ya milimita 12 inatakiwa iwe na kama gramu 890 kwa mita, ya 10 gramu 617, ya 16 kilo 1.58. Hesabu yake rahisi: kipenyo mara kipenyo gawa kwa 162, unapata kilo kwa mita. Siku moja nilipima kipande cha "12" kikasoma gramu 690, fomani akaanza kuangalia miti. Ile haikuwa hata 11. Tuliandika kwenye kitabu, mzigo mzima ukarudi.

Alafu angalia biskuti, vile vipande vya zege vya kunyanyua nondo. Kama nondo imelala chini kwenye shata (mbao za kumwagia zege) hakuna zege litakaloifunika, itashika kutu. Kokoto au kipande cha tofali sio biskuti.

*Dawa ya mchwa.* Tabora hii jamani, mchwa hawana mjadala. BOQ ina dawa, bei ipo, na ndio kitu kinarukwa kuliko vyote kwasababu jamvi likishamwagwa nani ataona? Uwepo siku ya kupuliza. Omba kuona kopo halijafunguliwa, piga picha lebo, piga picha pampu inafanya kazi, alafu nailoni itandikwe siku hiyo hiyo. Kama hukuwepo na hakuna picha, usikilipe hicho kipengele. Watakuja juu, waache waje.

*Zege.* Angalia mfuko wa saruji umeandikwa nini, kama mkataba unasema daraja la nguvu 42.5 na saiti kuna 32.5 hiyo sio saruji ya mkataba. Kwenye slampu, koni inajazwa tabaka tatu, kila tabaka unachoma mara 25 kwa fimbo yake, unanyanyua koni wima taratibu, unapima zege limeshuka kiasi gani. Ukiona limemwagika kama uji, mtu ameongeza maji ili mikokoteni iende haraka. Kyubu za milimita 150 tabaka tatu, kila moja mara 35, ziandikwe tarehe na sehemu zege lilipoenda, zitolewe kwenye moldi kesho yake, zilale kwenye maji. Tatu zivunjwe siku ya 7, tatu siku ya 28. Kwa zege la daraja 25 siku ya 7 tarajia kama theluthi mbili hivi ya nguvu, ukipata pungufu sana usisubiri ya 28, simamisha kazi za juu kwanza uchunguze.

Onyo: kyubu zipeleke maabara wewe au mtu wako. Kyubu zikisafiri na mkandarasi zinaweza kuzaliwa upya njiani.

Kuhusu gari la mkandarasi. Sitajifanya malaika, nimelipanda. Ila kila safari andika kwanza dokezo la kuomba usafiri ofisini, wakikosa wagonge "hakuna mafuta" na wasaini, lile dokezo linakaa kwenye faili. Chakula cha mchana lipa chako. Posho kutoka kwa mkandarasi usipokee hata iitwe nauli, hiyo haina maelezo mbele ya TAKUKURU.

Kila ukitoka saiti andika shajara kabla hujalala: tarehe, hali ya hewa, mafundi wangapi, mashine zipi, nini kimefanyika, umeelekeza nini, nani alikuwepo. Nusu ukurasa. Ukiandika wiki moja baadae inaonekana, wino unafanana na mwandiko una haraka moja.

Hatua ya 5: Mabadiliko. Hapa ndio tunakufa wengi

Nisimulie langu. Halmashauri sitaitaja. Zahanati, msingi umeshatoka, mwenyekiti wa kijiji akanishika mkono akanionyesha alama ya maji kwenye mti, akasema mwaka wa mvua nyingi maji yalifika hapa. Alikuwa sahihi, hata mimi niliona. Nikamwambia fomani "ongezeni kozi mbili, hesabu tutaziweka sawa mbele". Maneno kumi hayafiki.

Kozi mbili, yaani mistari miwili ya tofali, kuzunguka jengo zima, na kifusi cha kujaza ndani, na ngazi ziongezeke, na mteremko wa kiti cha magurudumu urefuke. Mwisho wa kazi mkandarasi kaleta milioni 6 na laki nne. Mkurugenzi akauliza idhini iko wapi. Haipo. Mkandarasi akasema "injinia alisema mwenyewe, fomani shahidi". Kweli nilisema! Kiufundi nilikuwa sawa asilimia mia, na nilikaa miezi 14 najibu hoja, na yule mkandarasi, mtu mzima wa heshima zake, alikuwa akiniona mjini anavuka barabara.

Utaratibu ambao ungeniokoa ni huu, na haukuhitaji hata wiki mbili:

1. Simamisha sehemu hiyo tu ya kazi, andika kwenye kitabu kwanini. Kazi nyingine ziendelee.
2. Andika ripoti fupi: tatizo, picha, suluhisho, gharama, athari kwa muda. Gharama ikokotolewe kwa bei zile zile za BOQ kama kipengele kipo. Kama hakipo, mkandarasi alete mchanganuo wa bei na wewe uupime na bei za soko, usiupitishe kama ulivyo.
3. Uliza mhasibu kwa maandishi kama fedha ipo. Mabadiliko mazuri yasiyo na fedha yanazaa deni.
4. Peleka kwa Afisa Masuuli kupitia kitengo cha manunuzi, nao wapeleke bodi ya zabuni na kwa mwanasheria kama inavyotakiwa.
5. Idhini ikitoka, toa agizo la mabadiliko kwa maandishi lenye namba, mkandarasi asaini kupokea, liingie NeST.
6. Hapo sasa ndio tofali la kwanza linawekwa.

Kuna dharura kweli, ukuta unaanguka, maji yanaingia. Hapo elekeza ya kuokoa maisha na mali, lakini jioni hiyo hiyo barua iwe imeandikwa na siku ya pili iwe imepokelewa kwa muhuri. Dharura inayoandikwa baada ya mwezi sio dharura.

Na usigawe mabadiliko vipande vidogo vidogo ili kila kimoja kionekane kidogo. Wakaguzi wanajumlisha.

Hatua ya 6: Hati ya malipo

Mkandarasi ataleta maombi yake. Usianze na karatasi yake, anza na tepu. Nendeni wote mkapime, andikeni karatasi ya vipimo, urefu upana kina, wote wawili msaini kila ukurasa. Hati inatoka kwenye vipimo hivyo, haitoki kwenye BOQ. Kosa la kawaida ni kulipa kiasi cha BOQ chote kwasababu kipengele "kimeisha". BOQ inasema mita za mraba 240 za plasta, umepima ukapata 221, unalipa 221.

Hesabu inaenda kwa jumla toka mwanzo, sio kwa mwezi. Mfano: mkataba milioni 380, malipo ya awali asilimia 15, zuio asilimia 10, na mkataba unasema malipo ya awali yanarudishwa kwa uwiano wa kazi.

Hati ya kwanza kazi ilikuwa 61,000,000. Toa zuio 6,100,000 na urejeshaji 9,150,000, akalipwa 45,750,000.

Hati ya pili, kazi yote toka mwanzo mpaka leo ni 142,600,000. Toa zuio 14,260,000. Toa urejeshaji 21,390,000. Inabaki 106,950,000. Sasa toa alicholipwa hati ya kwanza, 45,750,000. Anachostahili leo ni 61,200,000. VAT na makato ya kodi fuata mkataba na mhasibu wako, hiyo sio fani yako usijitie.

Ukihesabu kila mwezi kivyake, kosa dogo la mwezi wa kwanza linabaki humo milele. Ukihesabu kwa jumla, hati inayofuata inajirekebisha yenyewe.

Vifaa vilivyolala saiti, saruji na mabati, usivilipe kama mkataba haujaruhusu. Kazi yenye kasoro nayo usiilipe "nusu kumtia moyo", iwe sifuri mpaka irekebishwe.

Lakini na wewe usikalie karatasi ya watu. Mikataba mingi ya kazi ndogo inatoa siku 28 za kulipa baada ya hati kutolewa, baada ya hapo riba inaanza kuhesabika, na hati iliyokaa kwenye droo yako wiki tano ni hoja dhidi yako sio dhidi ya mhasibu. Sisi watu wa saiti tunapenda kulalamikia wakandarasi tu, wakati nusu ya ucheleweshaji nilioona mimi umeanzia mezani kwetu.

Hati imekaa sawa kama mtu asiyekufahamu anaweza kuchukua kila tarakimu akaifuata mpaka kwenye karatasi ya vipimo, na kutoka hapo mpaka kwenye picha.

Hatua ya 7: Muda

Ukiona kazi inaanza kubaki nyuma andika barua ya tahadhari mapema, usisubiri mwezi wa mwisho. Linganisha na mpango kazi alioleta yeye, mwambie alete mpango mpya.

Akiomba muda, angalia vitu viwili. Je ameomba kabla muda haujaisha na ndani ya siku zilizotajwa? Je sababu ipo kwenye mkataba? "Mvua" peke yake haitoshi. Huku mvua zinaanza Novemba hivi mpaka Aprili, kila mtu anajua, na yeye alijua wakati anajaza bei. Mvua isiyo ya kawaida ndio hoja, na hapo shajara yako yenye hali ya hewa ya kila safari ndio inaamua. Upande wa pili, kama mwajiri alichelewesha malipo au michoro, mpe haki yake, pendekeza muda, usimfichie bosi.

Muda ukiongezwa dhamana nazo ziongezwe siku hiyo hiyo.

Asipokuwa na sababu, fidia inakatwa. Kwa mfano wetu, asilimia 0.1 kwa siku ya milioni 380 ni 380,000 kila siku, na kikomo cha asilimia 10, milioni 38, kinafika siku ya 100. Usiseme "namwonea huruma". Huna mamlaka ya huruma, rudi hatua ya 1 upande wa kulia.

Hatua ya 8: Mapokezi na matazamio

Mkandarasi akisema amemaliza, mkague wote na mtumiaji wa jengo. Fungua kila bomba, washa kila taa, mwaga ndoo ya maji bafuni uone inakwenda kwenye tundu au mlangoni. Andika orodha ya kasoro, kila moja na tarehe ya kurekebishwa. Hati ya kukamilika isitoke kabla kasoro kubwa hazijaisha, maana ikitoka nusu ya zuio kwa kawaida inaachiwa, na mkandarasi mwenye hela mkononi hapokei simu za kitasa.

Kipindi cha matazamio, mara nyingi miezi 6 au 12, nenda angalau mara mbili. Moja iwe katikati ya mvua. Nyingine wiki tatu kabla hakijaisha, ili kasoro mpya zimfikie kwa barua akiwa bado anabanwa na mkataba. Ukienda siku moja baada ya kuisha umechelewa kabisa, na sijui kwanini wengi wetu ndio tunaenda siku hiyo.

Ukinunua vifaa badala ya ujenzi, kuna kamati ya ukaguzi na mapokezi, wewe unawapa jicho la kiufundi tu. Usisaini kwa niaba yao, na usikubali wasaini mzigo ambao bado upo njiani.

Hatua ya 9: Ukihamishwa

Barua ya uhamisho inakuja na siku 14 za kuripoti na wewe unafikiria lori la kubebea makabati. Simama kwanza. Weka faili kwa mpangilio wa tarehe, kila karatasi ipewe namba ya folio, tengeneza orodha ya yaliyomo. Andika ripoti ya makabidhiano: kazi ipo asilimia ngapi, hati gani imelipwa ipi bado, kasoro zipi wazi, dhamana zinaisha lini, barua zipi hazijajibiwa. Nenda saiti na anaekupokea, mpime wote, msaini.

Shajara na kitabu cha maelekezo vinabaki ofisini na faili, sio mali yako. Wewe beba nakala ya ripoti ya makabidhiano yenye sahihi mbili na muhuri, iweke pamoja na vyeti vyako vya shule. Miaka mitatu baadae utakuwa Newala huko unakunywa chai, simu itaita, mtu wa ukaguzi yupo Tabora anauliza nani aliruhusu msingi unyanyuliwe. Unamwambia kabati la pili, faili la bluu, folio namba 47.